Nafasi ya Mbele, Kwenye Uzio

Sikujaliwa mambo mengi, lakini kusimama najua. Kwenye harusi najua pa kusimama ili sinia lisinipite. Uwanja wa mpira ukigeuzwa kuwa uwanja wa muziki, najua pa kusimama kuliko wanaouza tiketi. Wajinga hukimbilia katikati, uso kwa uso na jukwaa. Wakifika huko husukumwa mpaka wasahau waliyemfuata, na upepo wetu wa Dodoma wa mwezi wa nane huwajaza mchanga mdomoni kila wakifungua kuimba. Mimi huenda kushoto, kwenye kona ya uzio wa chuma, ubavuni mwa mnara wa spika. Mnara unakata upepo, unatoa kivuli, na uzio ni wa kuegemea.

Kuegemea ndilo lilikuwa jambo kubwa siku ile ya tamasha la injili. Mke wangu alikuwa mgonjwa wa moyo. Daktari alisema umetanuka, asibebe ndoo, asipande ngazi, asisimame muda mrefu bila kupumzika. Viti vya uwanjani viko juu, na kuvifikia ni ngazi tupu. Nilimwambia tubaki nyumbani Chang'ombe tusikilize redioni. Alinitazama kwa dharau yake ile ninayoikosa sana sasa.

"Redioni nimemsikiliza wodini miezi miwili," alisema. "Nataka kumwona anavyofungua mdomo. Nikiegemea kitu nitasimama. Wewe utakuwa nyuma yangu?"

"Nitakuwa nyuma yako."

"Ule wimbo wangu ukianza, nataka uwe umenishika. Basi. Sikuombi kingine."

Mwimbaji alikuwa wa injili, na wimbo aliousema ndio uliompitisha usiku wa wodini, redio ya simu ikilia chini ya mto. Hatukuambiana kwamba huenda hatutatoka tena pamoja. Tulijua wote wawili, na kila mmoja alimficha mwenzake.

Tulifika saa sita, watu wakiwa wachache, wengine bado wanafunga turubai. Kona yangu ilikuwa wazi. Nilimweka mbele, tumbo lake kwenye uzio, mikono yangu huku na huku imeshika chuma, yeye akiwa katikati kama yuko zizini. Alikuwa amefunga kilemba cha njano. Tulikula zabibu kutoka kwenye mfuko wa karatasi, akawa ananitemea mbegu viatuni na kucheka. Kila baada ya muda aliniegemea kwa mgongo wote, nami nikausikia moyo wake ukienda mbio bila mpangilio. Watu walipojaa na kuanza kusukuma, msukumo uliishia mgongoni kwangu. Nilijivuna, sitaficha. Nilijiona mwanamume aliyefanya kazi yake.

Kwenye saa kumi hivi nikasikia kelele za akina mama nyuma yetu. "Mpisheni mzee! Mpisheni, mwanawe yuko mbele pale!" Nikageuka. Alikuwa mama mkwe wangu.

Tulidhani yuko Mpwapwa. Kumbe alikuja na kwaya ya kanisa lake, wote kwenye sare ya kitenge, na mmoja wao alikiona kilemba cha njano akakitambua. Watu wakampisha hatua kwa hatua kwa heshima ya mvi zake, mpaka akawa amesimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwangu.

Nilikolelewa mimi, mkwe na mama mkwe hawagusani. Hampeani mikono, huli mbele yake, ukimwona njiani unashika upande wa pili. Nilikuwa sijawahi kukaa naye mkeka mmoja tangu nioe. Sasa umati ulikuwa unasukuma, na msukumo mmoja tu ungenibandika mwilini mwa mama aliyemzaa mke wangu, mbele ya kwaya yake nzima.

"Shikamoo mama," nikasema nikitazama viatu.

"Marahaba baba," akajibu, naye ametazama pembeni.

Nikaanza kutoa mikono yangu kwenye uzio. Mke wangu akaushika mmoja.

"Usiende. Mama ataelewa."

"Nakuachia mama yako. Nitakuwa hapo nyuma tu."

"Wimbo wangu bado."

"Nitakuwa hapo tu," nikarudia, nikauchomoa mkono.

Hapo tu! Umati ulijifunga mbele yangu kama mboga ya mlenda iliyochotwa kwa kijiko. Nilirudishwa nyuma mstari baada ya mstari, mpaka nikajikuta karibu na goli, katikati ya vijana wanaoruka. Mimi, bingwa wa kusimama, sikuona jukwaa. Niliona njano kidogo tu, mbali, kwenye kona ile.

Wimbo wake ukaanza. Uwanja mzima uliinua mikono, nami nikainua wangu, si kwa kuabudu, nilitaka anione. Kilemba kiligeuka kushoto. Kikageuka kulia. Kikakaa kimetazama nyuma muda mrefu, jukwaa likiwa mgongoni kwake. Niliita jina lake hata kijana mmoja akaniambia, "Mzee, taratibu." Nilijaribu kusukuma nirudi, sikupata hata hatua tatu. Wimbo ukaisha.

Njiani kurudi hakunilaumu. Alisema mwimbaji ni mfupi kuliko alivyodhani. Mke wangu alifariki kabla mvua za mwaka ule hazijaanza.

Baada ya arobaini mama mkwe alikuja nyumbani kuchukua baadhi ya nguo za marehemu. Aliketi kwenye mkeka chumbani, mimi nikaketi kwenye kigoda nje ya mlango, ukuta katikati yetu, kama ilivyo desturi. Kisha nikamwambia lililokuwa linanikaba: kwamba siku ile uwanjani niliondoka kwa heshima yake.

Nilimsikia akikunja kitenge, akikikunjua, akikikunja tena.

"Nilikuja kumsalimia tu, baba," akasema. "Nilikuwa nimeshageuka niwapishe. Ulipotoka wewe nikaona aibu kumwacha mgonjwa peke yake, nikabaki."

"Mbona hukuniita, mama?"

"Ningekuitaje mkwe wangu mbele za watu?"

Akaendelea kukunja nguo. Nikadhani amemaliza.

"Wimbo wote ule aliniuliza neno moja," akasema. "'Mama, yuko wapi?' Nami nilikuwa nakuona, baba. Mkono wako nilikuwa nauona kabisa. Nikaona haya kumnyooshea kidole mkwe."

Nilitaka kuinuka niingie, nimshike mkono yule mama, tulie pamoja. Nilibaki kwenye kigoda, nikalia upande wangu wa ukuta, naye nikamsikia akilia upande wake.