Kiti cha Trekta Langu

Trekta lile nililiunda mwenyewe kwenye gereji ya kukodi kule St Marys, mtaa wa Sydney, wikendi baada ya wikendi, nikitoka shifti ya nyumba ya wazee na sare bado mwilini. Watu wa kanisani walisema nimerukwa na akili. Eti Mkenya anakuja Sydney kusomesha watoto, si kufunga injini kubwa kwenye trekta kuukuu likashindane kuvuta sledi, lile tela zito la vyuma, kwenye vumbi. Waseme. Kwetu Uasin Gishu baba alikuwa na trekta, na kaka zangu wote walilikalia. Mimi nilipeleka chai shambani. Safari hii kiti ni changu, nikajiapia, na nione wa kunitoa.

Siku ya mashindano shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, alimleta mchungaji aliombee trekta, vile tunavyoombea gari jipya. Sikukataa, maombi ni maombi. Lakini amina haijaisha vizuri, shemeji kashapanda kitini. Akasema chombo kikishaombewa, mwanamume wa ukoo ndiye hukiwasha kwanza. Mume wangu akawa anaangalia viatu vyake.

"Shuka, shemeji," nikamwambia. "Nalipeleka kwenye mizani."

Akashuka akinung'unika. Mizani ikatukataa, tumezidi uzito wa daraja letu la mashindano. Kosa lilikuwa langu: magurudumu ya nyuma nilikuwa nimeyajaza maji, kama walivyofanya nyumbani ili trekta lisiteleze wakati wa kulima. Shemeji akacheka. "Si nilikuambia hii si kazi ya wanawake? Twende zetu."

Nilikasirika. Nikapiga magoti na ovaroli yangu, nikafungua valvu za magurudumu, maji yakatiririka hadi kwenye viatu vya mchungaji. Tukapimwa tena, tukapita.

Zamu yetu ilipofika, shemeji alishaushika usukani. "Acha nikuendeshee, utaumia."

"Toa mkono, shemeji. Nakuheshimu, lakini toa mkono."

Akautoa. Nikapanda, sledi likafungwa nyuma, nikakanyaga mafuta. Mbele pa trekta pakainuka, magurudumu yakachimba, injini ikazimika kabla sijafika nusu ya uwanja. Nilikuwa wa mwisho, na sikuona aibu hata kidogo.

Shemeji akanifuata mbele ya watu, akisema sasa nimejionea, tuliuze. Nikamwonyesha kiti. Nikamwambia apande alifikishe pale nilipolifikisha mimi, kisha tuzungumze habari za kuuza.

Hakupanda.