Mavyaa amenivujishia majibu ya roboti

Leo mama wa mume wangu amefukuzwa hospitalini.

Tangu nipate kiharusi nilipojifungua, hanipi mtoto nimbebe. Ati mkono wangu wa kushoto haujui ulipo.

Leo roboti ya hospitali ikaupima. Nikafungwa macho, ikawa inausogeza, nami niuige kwa wa kulia.

Mara nyuma yangu nasikia mavyaa:
"Panda, mama. Panda. Hapo, basi."

Utadhani natundika pazia la arusi.

Daktari akamwambia, "Bi, kwani anayepimwa ni nani?"

Akatolewa nje, mdomo kaukunja. Tukaanza upya, nikakosea mara mbili tu. Daktari akasema naweza kubeba.

Mavyaa akanikabidhi mtoto. "Lakini keti kwanza."

Wenu nao wako hivi?

Naandika kwa wa kulia. Wa kushoto umepakata mtu.