Redio ya Noah Bado Nzima

Juzi hapa Mpanda nilimsindikiza jirani yangu gereji na Noah yake ya mtumba, ile iliyokosa breki ikapinduka njia ya Majimoto. Fundi alichomoa pedi za breki, akazipangusa kwa kidole. Chuma kitupu.

“Mzee, hizi hazikuwa zinalia?”

“Zililia tangu masika. Nikawa naongeza redio.”

“Redio kweli bado nzima,” fundi akasema, bila kucheka. “Gari unaitaka lini?”

“Kesho. Namtoa mama watoto hospitali. Mguu mmoja wameukata.”

Nikainama kama natafuta kitu chini. Kila Jumapili gari hilo lilinipeleka ibadani, na ile kelele niliisikia. Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia, ili kwaya isikike vizuri, “Ongeza kidogo, ndugu yangu.”