Kioo Kilichomla Mtamba

Kuna watu Nkwenda hadi leo wakiniona njiani wanaunganisha vidole, wanatengeneza kidirisha, wananichungulia kupitia hapo, halafu wanaangua kicheko, na mimi inabidi nicheke nao kwa sababu nikinuna itakuwa mbaya zaidi. Sasa kwa kuwa habari imeshatembea mpaka Bugene kwetu, tena imeongezwa chumvi (wapo wanaosema nililia, sikulia, lilikuwa vumbi la barabara), bora niisimulie mwenyewe, niaibike kwa mpangilio.

Tatizo langu lilianza na kioo. Mimi nina duka la pembejeo pale Kayanga, nauza mbegu na dawa za kupulizia, na katika kazi hiyo unakaa sana bila mteja, na ukikaa bila mteja unaangalia video za watu wanaochambua simu, na mimi niliziangalia mpaka zikanishika kama dini. Nikajua pikseli, vile vinukta vidogo sana vinavyotengeneza picha kwenye kioo, nikajua kuwa vikiwa vingi picha inakuwa kali zaidi, na kwamba hiyo ndiyo wanaiita rezolusheni, na kuanzia siku hiyo nikaanza kuitazama simu yangu ya zamani kama mtu aliyedhulumiwa. Mtu akinionyesha picha ya mtoto wake mchanga, badala ya kusema hongera, nasema kioo chako kina vinukta vichache. Nilikuwa mtu wa kuudhi, nakubali.

Nikauza mtamba. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo ujinga ulipo. Mama yangu alikuwa amenipa mtamba mweusi, mwenye baka jeupe kwenye paji, kwa ajili ya mahari, na baba mdogo Audax, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu, alikuwa ameshakwenda Nkwenda kwa wazazi wa Koku, mchumba wangu, akawaahidi mtamba huyohuyo kwa sifa zake zote. Baada ya ahadi hiyo ndipo mimi nikamuuza kwa mzee mmoja wa Igurwa, nikanunua simu yenye kioo kikali kuliko zote zilizokuwepo dukani, nikijiambia msimu wa kahawa ukifika nitatafuta mwingine anayefanana naye, kwani ng'ombe mweusi si ng'ombe mweusi? Mama alijua, zizi ni lake. Nilimwomba aniachie nimweleze baba mdogo mwenyewe, akaniachia, akadhani nimemweleza. Sikumweleza. Koku naye hakujua.

Tena picha ya kwanza niliyopiga na simu hiyo ilikuwa ya mtamba mwenyewe, kwenye zizi la yule mzee wa Igurwa, nilipopita kumuaga. Ilitoka nzuri mno.

Siku ya kwenda kujitambulisha rasmi ukweni ikafika. Mama mguu ulikuwa unamsumbua, hakuweza kusafiri, tukakubaliana kwamba atawasalimia wakwe kwa simu mbele ya watu wote, kwa sababu kule walishasema hawatamimina rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka wasikie sauti ya mama wa kijana. Baba mdogo akaniketisha kabla hatujaondoka. "Wewe kule huna mdomo," akasema. "Mkwe mtarajiwa hasemi. Kaa kama mgomba. Ukiulizwa kitu, tabasamu, nitajibu mimi." Nikasema sawa. Tangu Omurushaka hadi Nkwenda nikawa narekodi vilima na mibuni kupitia dirishani, ili nione kioo kinavyovipendezesha, na chaji ikawa inashuka, sikujali.

Tukapokelewa vizuri sana. Tukaletewa kahawa ya kutafuna, tukatafuna, baba mdogo akaanza maneno yake matamu, na baba yake Koku, Ta Novati, mzee mpole mwenye macho madogo makali, akawa anaitikia polepole, na mimi nikawa mgomba. Ningebaki mgomba mpaka mwisho, leo ningekuwa na heshima yangu. Lakini palikuwa na shangazi.

Ma Jovina ni dada yake Ta Novati, mfanyabiashara wa maharage, mwanamke ambaye hata Ta Novati akitaka kukohoa anamwangalia kwanza yeye. Simu yake ilikuwa imefungwa mpira wa manati ili mfuniko wa nyuma usidondoke, na kwenye pembe za kioo kulikuwa na vumbi la maharage. Akatafuta picha, akanisogezea. "Mwone mchumba wako siku ya komunyo ya kwanza." Ilikuwa picha ya Koku mdogo, kavaa gauni jeupe, kanuna. Mtu mwenye akili angetabasamu, maana hata ruhusa ya kutabasamu nilikuwa nayo.

Mimi nikafungua mdomo. "Shangazi, picha ni nzuri, ila kioo kinamwonea. Kingekuwa na pikseli za kutosha tungeziona hata nyusi."

Baba mdogo akakohoa. Ma Jovina akaichukua simu yake, akaisogeza mbele ya macho, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kwani wewe nyusi zake huzioni?"

"Naziona, shangazi, ila si kali."

"Haya, tuonyeshe huo ukali wako. Una picha gani humo?"

Kabla sijajibu Ta Novati akadakia, akasema si tuonyeshwe yule mtamba, na baba mdogo, maskini, akafurahi kweli, akaona mazungumzo yamerudi penye heshima. "Naam! Mwonyeshe mzee mtamba." Ningeweza kusema sina picha yake. Hilo lilinijia kichwani, naapa, lakini ile picha ilikuwa imetoka nzuri mno. Nikaifungua, nikaipitisha kwa mikono miwili.

Jamani, walimsifu. Ta Novati akamkuza kwa vidole akaona kope, akaona unyevu wa pua, akasema huyu mnyama ametunzwa. Na mimi nikiwa nimesahau kabisa kwamba mnyama mwenyewe yuko Igurwa anakula majani ya mtu mwingine, nikawa nasema "hiyo ndiyo rezolusheni, baba," nikiwa nimesimama na mkono mmoja mfukoni. Baba mdogo akaanza kutazama sakafu.

"Nirushie na mimi," akasema Ma Jovina. Nikamrushia. Akaitazama kwenye simu yake, akasema yeye anamwona mtamba yuleyule, na kope zilezile. Nikacheka (nilicheka, wakwe wakiwa wamekaa!), nikasema shangazi macho yako yamezoea tu, mimi hata ukinionyesha nikiwa nimetoka usingizini nitatambua kioo changu.

Basi yule mama akatoka nje, akarudi na jani la mgomba. Akachukua kisu, akalikata matundu mawili yanayolingana, akaziweka simu zote mbili mezani zikiwa na picha ya mtamba, akaniambia nigeuke nitazame shamba. Nilipogeuka tena, simu zimefunikwa na jani, kilichoonekana ni vidirisha viwili tu, na katika kila kidirisha mtamba ananitazama. Nikainama nichunguze. "Aa-aa, simama," akasema. "Simama pale mtu anaposimama akitazama simu. Tumekwambia utazame, hatujasema unuse."

Nikasimama. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Waliokuwa jikoni wakaja mlangoni. Ndugu zangu, niwaambie ukweli ambao sikuusema siku ile: sikuona tofauti yoyote. Hata chembe. Nikanyoosha kidole kwa ujasiri mkubwa upande wa kulia, nikasema, "Hiki. Mtoto mdogo angekitambua."

Ma Jovina akafunua jani. Chini ya kidole changu kulikuwa na mpira wa manati.

Kicheko kilichotoka nyumba ile sitaki kukielezea. Ta Novati mwenyewe alifuta machozi. Na hapo bado ningeweza kuokoka, ningecheka nao yangeisha, lakini mimi nikasema kuna hitilafu, ngojeni niwaonyeshe namba. Nikaingia kwenye mipangilio ya simu mbele ya Ma Jovina aliyekuwa amesimama nyuma ya bega langu, nikatafuta panapoandikwa ubora wa kioo, na kweli pakafunguka, ngazi tatu, ya chini, ya kati na ya juu. Alama ilikuwa kwenye ya kati. Simu ilitoka dukani imewekwa hivyo ili kutunza chaji, na miezi yote ile niliyokuwa nawadharau watu na watoto wao wachanga, sikuwahi hata siku moja kukiona kioo nilichouzia ng'ombe. Ma Jovina akasoma zile namba kwa sauti, akaingia kwenye simu yake, akasoma za kwake. Zilikuwa zilezile.

"Kumbe sisi ni ndugu," akasema.

Nikapandisha hadi ngazi ya juu. Nikaongeza na mwanga mpaka mwisho, nikakodoa macho nitafute mabadiliko, niokoe hata kitu kidogo. Nikiwa nimeinama hivyo nikasikia vigelegele, maana Koku alikuwa ametolewa ndani, na nikasikia anaulizwa kama wageni hawa anawajua, na nikasikia anajibu anawajua. Nilisikia yote. Macho yalikuwa kwenye simu.

Ikafika zamu ya mama kusalimia. Nikampigia, ikaita mara moja, kioo kikawa cheusi. Chaji imekwisha. Ta Novati akaipokea mkononi mwangu, akaigeuza, akauliza kwa upole kabisa, "Huyu mtamba wenu mbona amezima?"

Ikabidi Ma Jovina apige kwa simu yake, ile ya mpira, akaweka sauti ya juu wote wasikie. Mama akasalimia vizuri, kwa adabu zote, akaombea nyumba ile baraka. Baba mdogo akaanza kupumua. Ndipo Ta Novati, kwa wema wake, akasema, "Waitu, mzazi mwenzangu, mtamba wako tumemwona. Mzuri sana. Hata kope tumeziona."

"Mtamba gani?" akauliza mama.

"Yule mweusi, mwenye baka."

"Yule si kijana alimuuza?" Sauti ya mama yangu ilijaa chumba kizima. "Akanunua hiyo simu ya kioo. Audax hajawaambia?"

Hakuna aliyecheka. Ningetoa kila kitu wacheke. Baba mdogo aliinuka taratibu, akaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, waliokufa na walio hai, na Ta Novati akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hana ugomvi na mtu, ila tutarudi siku mtamba atakapoingia uani kwake kwa miguu yake mwenyewe. Rubisi ilikuwa pale kwenye kibuyu. Haikumiminwa. Kutoka Nkwenda hadi Omurushaka baba mdogo alisema neno moja tu, "Mgomba." Akageukia dirishani.

Mnadhani hapo ndipo aibu ilipoishia? Jumamosi yake Koku akaja dukani kwangu (anafundisha shule ya msingi Bweranyange, Kayanga huja mwisho wa wiki). Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba msamaha kuhusu mtamba. Hakuyataka. Aliegemea kaunta, akaniuliza swali moja.

"Siku ile nilivaa nini?"

"Gomesi," nikasema haraka, maana siku kama ile msichana atavaa gauni gani jingine.

"Ya rangi gani?"

Nikatafuta. Nilitafuta kichwani kote, nikaona kope za mtamba, nikaona mpira wa manati, nikaona ngazi tatu za ubora. "Kijani," nikasema.

"Kijani lilikuwa jani la mgomba, Projestus."

Akaondoka. Niliogopa siku ile kuliko nilivyoogopa mbele ya wakwe wote, kwa sababu baba yake alikuwa ametuachia mlango, lakini yeye sikujua kama ameniachia. Sikula. Kesho yake nikauza simu kwa hasara, nikaenda Igurwa kumwangukia yule mzee, naye alicheka mpaka akakaa chini, akanirudishia mtamba na kunidai mbuzi juu yake kwa ajili ya usumbufu. Nikatoa.

Tukarudi Nkwenda. Mtamba alipanda gari mpaka karibu, halafu nikamshusha, nikamswaga mwenyewe kwa miguu mpaka uani, kama mzee alivyotaka. Ma Jovina alikuwa anatungoja mlangoni na jani la mgomba lenye tundu moja. Akaliweka usoni, akamtazama mtamba mbele, akamtazama nyuma, akasema, "Huyu anaonekana vizuri," ndipo watu wakacheka, na rubisi ikamiminwa.

Sasa hivi natumia simu kama ya shangazi, na sitakuja kusema tena neno pikseli nikiwa ugenini, wala nyumbani, wala mbele ya mtu mwenye mtoto mchanga. Lakini siku ile ya pili Koku alipotolewa ndani, nilikuwa nimeshainua macho kabla vigelegele havijaanza, na niliyakaza pale mpaka baba mdogo akanikanyaga mguu. Alikuwa ameivaa gomesi ileile ya siku ya kwanza, makusudi. Ni ya zambarau. Mkanda wake ni wa rangi ya dhahabu, na begani upande wa kushoto palikuwa na uzi mmoja umechomoka, mfupi kabisa, nami niliuona nikiwa nimekaa kule mbali kwenye viti vya wageni.