Watu wa Mbao Walivyorudishwa kwa Anselmo

Habari ilimkuta Petronila akiosha mahindi aliyoyachemsha kwa chokaa. Bwana Evaristo, mwenye hoteli, alisimama mlangoni asiingie, asije akachafua viatu.

"Mama, kaka yako Anselmo hatunaye. Ameanguka akiwasimulia wageni. Hata mwisho hakuufikia."

"Angeufikiaje, na wewe umemsimamia na saa?"

Kwa miaka kumi na tisa Anselmo alisimulia, kwa Kihispania, jinsi Waumbaji walivyohangaika: watu wa tope wakayeyuka, watu wa mbao hawakuwa na moyo wala shukrani, mpaka vyungu na mbwa wao wakawageukia, ndipo wakaja watu wa mahindi. Evaristo akawafuta wa mbao kwa kuwa supu ya wageni ilikuwa ikipoa. Anselmo akakubali, akavikwa hata manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi. Petronila, asiyekosa misa, alimwambia hivi: "Esau angalau alikuwa na njaa. Wewe umeshiba, na bado umeuza."

Sasa Evaristo akajikohoza. "Tumerekodi sauti yake. Tutaipiga kaburini. Dakika sita tu."

"Kawapigie kuku uliowanyonyoa. Kaka yangu ataondoka na hadithi nzima."

Kwao maiti husindikizwa kwa maneno ya mwanzo wa dunia, kwa lugha yao ya Kikiche, na aliyebaki wa kuyasema ni yeye. Lakini wajukuu wa Anselmo walifika kutoka mji mkuu, na Yadira, mkubwa wao, akanong'ona, "Bibi, sisi Kikiche hatukijui. Babu alitusimulia kwa Kihispania."

"Alisimulia nusu!"

"Basi tupe hiyo nusu nyingine."

Petronila alimtazama kama anayetazama nyanya iliyooza. Kihispania chake kilikuwa cha kugombania bei ya vitunguu.

Jumanne asubuhi waliweka kikombe cha Anselmo ndani ya jeneza, wakalifunga. Padri alipokwisha kusali, Petronila akaanza, kwa Kihispania hicho hicho, akijikwaa. Alipofika kwa watu wa mbao, vyungu vikifoka, "Mlituunguza, sasa zamu yenu!", Yadira alicheka huku akilia. Evaristo akaitazama saa yake. Petronila akarudia vyungu tangu mwanzo, polepole zaidi, akimkazia macho.

Alipomaliza na mahindi, wanaume waliteremsha jeneza kwa kamba. Kila mtu alitupa konzi ya udongo. Petronila akapiga ishara ya msalaba, wakafukia.