Kiti cha Ngoma Kubwa

Mwanangu, siku ile ya ukaguzi wa bendi naikumbuka kila nisikiapo ngoma kubwa ikipigwa. Na kwa kuwa sasa umekabidhiwa wewe muziki wa shule, keti nikusimulie. Usinikatize, maswali utauliza nikimaliza.

Nilikuwa kijana wa Rasbura, ndevu hazijashika vizuri, msaidizi wa Maalim Athumani katika shule ya serikali ya Mjerumani pale Lindi. Maalim ndiye aliyesimamia muziki. Usidhani kazi ile ilikuwa kupiga tarumbeta. Kutwa tulisugua shaba kwa majivu na ndimu, tukawamba ngoma zilizolegea kwa unyevu wa pwani, tukagawa zamu za mazoezi, tukawatuliza wazazi walioogopa kwamba tarumbeta itawatoa watoto wao katika dini. Ramadhani mazoezi tuliyahamishia baada ya futari, maana aliyefunga hana mate ya kupulizia. Nami nilijiona fundi. Sikio langu lilikuwa kali, ulimi mkali zaidi.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, ikabaki njaa. Huko bara mashamba yalichomwa, na maghala pia. Watu waliteremka mjini wamebaki mifupa, wengine wakiishi kwa mizizi ya ming'oko waliyochimba porini. Shuleni kwetu amri ilikuwa moja: wanabendi wapewe wali wa mchana, wapate nguvu ya kupuliza. Wanafunzi wengine hawakupewa kitu. Wapo tuliowazika.

Katika bendi alikuwamo Chilumba, mtoto aliyekuja kutoka Nyangamara, huko bara, na bibi yake, wazazi wake wamekufa vitani. Kila mchana alikula nusu ya wali, nusu akaifunga kwenye jani la mgomba akampelekea bibi. Tarumbeta ilimshinda kabisa. Pumzi hakuwa nayo, na nilipomsikia nilikunja uso kama niliyeng'ata ndimu.

Ikaja habari kwamba Bwana wa boma, yule mkuu wa Kijerumani, atakagua bendi, na asiyejua kazi yake ataondolewa. Nikamwendea Maalim.

"Shikamoo Maalim. Tumtoe Chilumba sisi wenyewe kabla hatujaaibika. Anatuharibia wimbo mzima."

"Marahaba." Alikuwa akishona ngozi ya ngoma, hakuinua uso. "Ukimtoa, kesho mchana atakula nini? Na yule bibi?"

"Mimi nasimamia muziki, Maalim. Jiko lina wenyewe."

Akaweka sindano chini. "Nani kakwambia unasimamia muziki? Tarumbeta hizi zikilala kabatini mwaka mzima hazifi. Wewe unasimamia watoto. Kama hilo limekushinda, rudi Rasbura ukamsaidie baba yako dukani."

Masikio yaliniwaka moto. Nikarudi kusugua shaba.

Siku ya ukaguzi tukajipanga uwanjani. Bwana akapita kwa kila mtoto, akisikiliza. Alipomfikia Chilumba akasimama. Mtoto hakushika tarumbeta. Ngoma kubwa ilikuwa mgongoni mwake, kamba zimepita mabegani, na mpigaji yuko nyuma yake. Maalim alikuwa amempanga hivyo asubuhi ile bila kuniambia. Nami nilijua, kama Bwana alivyojua, kwamba ngoma ile ina kiti chake cha mbao tangu ilipoletwa.

"Huyu hapigi kitu," Bwana akaniambia mimi niliyekuwa karibu. "Wa nini?"

Nilimtazama Maalim, naye akatazama chini. Aliniachia mwenyewe. Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Viboko vya boma nilikwisha kuviona vikimshukia mtu mzima. Lakini macho yangu yaliangukia mikono ya Chilumba iliyoshika zile kamba, vidole vikavu kama vijiti.

"Bwana, bila huyu ngoma haina pa kukaa."

"Kiti chake kiko wapi?"

Nikageuka tena kwa Maalim. Maalim akajibu taratibu, "Kimevunjika, Bwana. Kimekwenda jikoni."

Bwana akatazama moshi wa jikoni, akamtazama mtoto, akapita.

Bwana alipoondoka nilikimbia jikoni. Chini ya sufuria ya wali miguu ya kile kiti ilikuwa ikiwaka, rangi yake ikitoa mapovu. Maalim alikuwa amekipasua kwa shoka kabla hatujajipanga, ili neno langu, nikilisema, liwe kweli. Niliketi kando ya moto ule nikalia.

Chilumba alibeba ngoma mpaka mavuno yakarudi, na bibi yake akayaona mavuno hayo.

Nasaha yangu ndiyo hii. Utagawa vyombo, utapanga zamu, utawachagua hawa na kuwaacha wale. Kabla hujamwacha mtoto, uliza kwanza anaporudi kwao anakuta nini. Ukiona nafasi yake haipo, itengeneze, hata kama ni kwa kuvunja kitu ulichokipenda. Mungu akupe ujasiri wa kusema mbele ya wakubwa, mwanangu, na akuwekee karibu shoka la Maalim Athumani. Amina.