Amplifaya ya Gari la Abti

Hadi leo nilidhani tatizo letu ni amplifaya.

Nilisoma wiki nzima kuhusu wati, ili mjomba wangu, Abti Nuur, asidanganywe na namba kubwa za kwenye boksi. Alisema spika za gari lake zimekufa, na haendi Liboi bila mashairi yake ya Kisomali.

Fundi wa duka la Iftin akaunganisha amplifaya niliyochagua, akawasha shairi.

"Ongeza," Abti akasema.

Watu barabarani wakageuka.

"Ongeza! Wallahi, unataka kuniuzia spika ya simu?"

Tulicheka. Fundi akaongeza hadi mwisho, akaziba masikio. Mimi niliruka nje ya gari.

Abti akaniangalia. "Bado hajaanza?"

Mshairi alikuwa amefika katikati ya shairi.

Hatukucheka tena.

Fundi akajaribu subwufa, ile spika kubwa ya besi. Mlango ukatetemeka, Abti akauwekea kiganja, akatabasamu kama mtoto. "Hii ndiyo nzima. Nifungie hii tu. Ile amplifaya ya spika ni mbovu."

Fundi akaniangalia mimi. Nikaangalia chini.

Jamani, nimwambieje? Nikinong'ona hatasikia, na nikipaza sauti mtaa mzima utajua kabla yake.